Rumonge si Jumba la Makumbusho

Tumechoshwa na ziara za namna hii. Walimu wenzetu hushuka Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, wakanunua chungu kimoja cha Watwa, wakachungulia chuo cha Kurani, kisha wakarudi makwao wakinena kwamba wameona "mabaki ya Uswahili". Mabaki ya nini? Kiswahili kililifikia ziwa hili pamoja na misafara ya karne ya 19, iliyokuwa na kituo chake Ujiji, na hata leo watu wa Rumonge wanauziana mawese na kuposana kwa lugha hiyo.

Kosa kubwa zaidi hutendeka darasani. Mtoto wa mvuvi huandika ndagala. Mwalimu humkatia kwa wino mwekundu, ati sahihi ni dagaa. Huandika mukeke, huambiwa halimo katika kamusi. Samaki huyo huyo, Kigoma, ni mgebuka, wala hatujasikia mwalimu akimkemea mvuvi wa Kigoma! Neno la Rumonge lina dhambi gani, ila kuzaliwa ng'ambo ya mpaka?

Sheria ya Burundi ya mwaka 2014 ilitambua Kirundi, Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi; Kiswahili kikaachwa nje. Sheria hiyo hatukuitunga sisi. Wino mwekundu, lakini, ni wetu.

Basi atakayekwenda safari ijayo aache kamera, achukue daftari. Aketi na wafinyanzi, aulize udongo wachimbwa wapi na kila hatua yaitwaje, kwa Kirundi na kwa Kiswahili. Maneno hayo ayalete hapa, tuyachape.