Waridi la Mpangaji

Juzi asubuhi nilikuwa nje ya keja nikimwagilia ndoo zangu tatu. Jamaa wa mlango wa nne akatokea na mswaki mdomoni, akasimama, akaangalia, akauliza, "Hiyo ni sukuma ya aina gani?" Nikamwambia ni waridi. Alicheka hadi povu likamwagika kwa fulana. "Buda, hiyo utakula na nini?"

Nilicheka pia, lakini swali lilinikaa. Kwa hivyo leo hakuna video. Nimeketi hapa Soweto East niandike jibu refu, kwa sababu huyu jamaa alisema tu kile wengi wenu mnafikiria: maua ni ya Karen na Runda, sisi wa mtaa tupande kitu cha kuliwa ama tuache.

Msimamo wangu ni huu: kama wewe ni mpangaji, waridi fupi kwenye ndoo limekufaa kuliko linavyomfaa mtu wa Karen.

Tuanze na upangaji. Kibera karibu kila mtu ni mpangaji. Udongo si wako, mabati si yako, na hujui utakuwa mlango gani mwaka ujao. Septemba 2009 watu wa kwanza wa Soweto East walihamishwa wakapelekwa Lang'ata ili nyumba mpya zijengwe. Nyumba zenyewe zilikabidhiwa 2016. Mtoto aliyehama akiwa darasa la kwanza alikuwa la nane. Ukikulia mahali kama hapa unajifunza kupanda vitu vya miezi mitatu: sukuma, dania, kitunguu. Hakuna mtu anapanda mwembe. Nani atakula hizo embe?

Na hii akili ya miezi mitatu haibaki kwa shamba. Inaingia kwa maisha. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda. Kabla ya hapo nilikuwa nimenunua waridi moja dogo kwa wale wauzaji wa miche kando ya Ngong Road, ati nipambe dirisha la hosteli. Niliporudi nyumbani nilikuwa na mabegi mawili na huo mkebe. Tangu hapo tumehama mara mbili na mathe, mara zote kwa mkokoteni, na waridi likakaa juu ya godoro kama abiria. Sasa lina miaka mitatu. Kati ya vitu vyote nilivyoanza nikiwa chuo, hilo ndilo bado linaendelea.

Najua swali linalofuata: maji je? Hapo sitawadanganya. Mtungi wa lita 20 nimeununua kwa shilingi tano, na maji yakipotea nimeununua kwa ishirini. Siku ya kwanza mathe aliponikuta nikimwaga maji safi kwa ua, aliniangalia vile mtu huangalia mwizi. Alikuwa na haki. Tangu siku hiyo waridi langu halijaonja maji ya mtungi moja kwa moja. Linakunywa maji ya kusuuza mboga na mchele, na yale ya mwisho ya kusuuza nguo. Maji ya kwanza yenye povu zito siweki. Maji yenye jiki au chumvi siweki kabisa, yataunguza mizizi.

Na msikie vizuri neno "kustahimili ukame". Halimaanishi waridi litaishi bila maji. Likiwa ardhini, mizizi ikishashika, linaweza kuvumilia kiangazi kwa sababu mizizi inashuka kutafuta. Ndani ya ndoo haina pa kwenda, na udongo wa ndoo hukauka haraka. Kwa hivyo nachomeka kidole hadi kiungo cha pili. Kikiwa kikavu, namwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha naacha. Kunyunyiza kidogo kidogo kila jioni kunafanya mizizi ikae juu juu, na jua la Januari linaimaliza. Juu ya udongo natandika majani makavu ili maji yasipae.

Sasa, waridi gani? Hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Kenya ni kati ya nchi zinazouza mawaridi mengi zaidi duniani, na mengi yanatoka Naivasha, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900, yanaenda Ulaya. Shangazi yangu anaishi Kawangware, kando ya barabara inayoitwa Naivasha Road, na waridi la Naivasha huliona siku ya Valentine tu, kama mtu amemkumbuka. Lile ua lilizalishwa liwe na shina refu lililonyooka, livumilie ndege na lidumu kwa chombo cha maji. Linakuzwa ndani ya vibanda vya plastiki, linanyweshwa kwa mabomba yenye mbolea, na mara nyingi limeunganishwa juu ya mizizi ya waridi jingine lenye nguvu. Niliwahi kuchukua shina la Valentine nikalichomeka kwa udongo. Likawa jeusi ndani ya wiki mbili. Sikulilaumu, halikutengenezewa maisha yangu.

Linganisha na hadithi ya Mmarekani mmoja, William Radler, wa jimbo la Wisconsin. Alichoka na mawaridi yanayotaka dawa kila wiki. Akawa anasaga majani yenye ugonjwa wa madoa meusi na kumwagia miche yake huo unga makusudi, kisha anabaki na ile iliyopona. Kutoka hapo likaja waridi linaloitwa Knock Out, lililoingia sokoni mwaka 2000. Baadaye wazalishaji wengine walichanganya mawaridi yanayotambaa na yale madogo sana wakapata aina kama Drift, zinazofika karibu nusu mita tu. Mimi nikisoma hiyo stori nilisema huyu mzee angeelewa mtaa. Mmea uliolelewa kwa shida, ukapona, ndio huo tunautaka.

Usiende Ngong Road ukiuliza haya majina, mche mwingi pale hauna kibandiko. Angalia umbo. Tafuta kichaka kifupi, matawi mengi kutoka chini, maua madogo kwa vishada, majani yanayong'aa bila madoa. Shina moja refu lenye ua moja kubwa kule juu, achana nalo hata kama ni rembo. Na ukiona machipukizi yamejaa vidukari, usilipe.

Chombo: ndoo ya rangi ya lita 20 iliyooshwa vizuri inatosha. Toboa matundu matano au sita chini, kwa msumari uliopashwa moto. Udongo uchanganye na samadi ya mbuzi iliyokauka na kuoza kabisa, na mchanga kiasi ili maji yapite. Jua ndilo tatizo letu kubwa, maana ploti zimebanana. Waridi linataka kama saa sita za jua kwa siku. Mimi husogeza ndoo: asubuhi upande huu, mchana upande ule. Ndio faida ya ndoo, mti wa ardhini hauwezi kukufuata. Ua likinyauka likate, lingine litakuja. Vidukari navitoa kwa vidole au kwa maji yenye sabuni kidogo tu.

Turudi kwa jamaa wa mswaki. Sisemi mtu ang'oe sukuma. Mathe ana gunia lake la sukuma mlangoni kama watu wengi hapa, na hilo gunia limetuokoa jioni nyingi. Ninachokataa ni hii sheria ambayo hakuna aliyeiandika, kwamba mtu wa Kibera anaruhusiwa kijani cha tumbo pekee. Jina Kibera lenyewe linatokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Hapa palikuwa na miti kabla ya mabati. Na tuko juu ya mita 1,600, mchana joto la wastani, usiku baridi. Hali ya hewa ambayo matajiri wa maua wameifuata hadi Naivasha, wewe unaipata bure mlangoni.

Halafu kuna hili: nikiwa na miaka kumi na tisa sikuwa naweza kukwambia nitakuwa wapi baada ya mwaka. Bado siwezi. Lakini najua Machi nitapunguza matawi, mvua ikinyesha yatachipuka, na baada ya wiki kama saba kutakuwa na maua. Kwa mtu ambaye kila mpango wake umewahi kukatwa katikati, kuwa na kitu kimoja unachoweza kukitarajia si anasa.

Jamaa hajashawishika, kwa taarifa yenu. Ila jana nilipata mtu amesogeza ndoo zangu kwenye jua nikiwa nimeenda kazi, na mlango uliokuwa wazi ni wa nne.

Mvua ya Oktoba ikianza nitapogoa tena. Vijiti vitakuwa vingi, unene wa penseli, urefu wa kama kiganja, na vikichomekwa kwa udongo wenye unyevu, kivulini, vingine vitashika. Sitaviuza. Kama uko Soweto East, Makina, Laini Saba, hata Kawangware, njoo na mkebe wako. Utoboe kabla hujafika, mimi nina msumari mmoja tu.