Nusu Uniti kwa Mwenye Paa

Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 iliwapa Wakenya wenye paneli za sola haki ya kuunganisha mitambo yao na laini ya taifa, mradi mtambo usizidi megawati 1, ili stima inayobaki wahesabiwe. Kanuni za kuitekeleza zilichukua miaka mitano. Zilipotoka mwaka 2024 zikasema hivi: ukitoa uniti 1 kwenye laini, unarudishiwa nusu. Hiyo ni dhuluma, na sina jina jingine la kuipa.

Watetezi wa kanuni hizo husema nguzo, nyaya na transfoma zina gharama, na mwenye sola huzitegemea usiku kama kila mtu. Husema pia kwamba Kenya huhitaji stima zaidi jioni, jua likiwa limezama. Ni kweli. Lakini gharama ya laini inaweza kutozwa waziwazi, kwa ada inayojulikana. Haina haja ya kufichwa ndani ya stima ya mtu.

Tuifuate hiyo stima yenyewe. Ni saa saba mchana Kitengela. Wazazi wako kazini, watoto shuleni, nyumbani ni friji tu inayonguruma. Tuseme paneli zinatoa kilowati 3. Inveta inaileta stima hadi kwenye bodi ya swichi, friji inachota kiasi chake kidogo, na yote inayobaki inapita swichi kuu, inapita mita, inapanda nguzoni. Inaenda wapi? Hairudi kwenye mitambo ya mvuke ya Olkaria. Inaingia kwa wa kwanza anayeihitaji: fundi wa kuchomelea mageti nyumba ya tatu, kinyozi aliye kando yake, kinu cha kusaga mahindi pale kona. Haijafika hata kwenye transfoma ya mtaa. Na yule fundi wa mageti ameilipia uniti nzima, bei kamili, na VAT ya asilimia 16 juu yake.

Sasa ilinganishe na uniti inayotoka mbali. Katika kila uniti 100 ambazo Kenya Power hununua, zaidi ya 20 hupotea njiani, nyingine zikigeuka joto kwenye nyaya, nyingine zikiibwa. Hii ya Kitengela haikupita njia hiyo ndefu. Kampuni haikuichimbia kisima cha mvuke wala kuinunulia mafuta. Imeipokea mlango huu na kuiuza mlango wa pili, na kwa kazi hiyo inabaki na nusu. Hata dalali wa soko la Marikiti, anayelaaniwa na wakulima mwaka baada ya mwaka, huufuata mzigo hadi shambani.

Kisha tunaambiwa tushukuru kwa kupewa chochote! Kushukuru kwa lipi? Mwenye nyumba amenunua paneli, amenunua inveta, amemlipa fundi mwenye leseni, na bado anatendewa kama aliyekuja kuomba.

Walio na pesa watanunua betri za lithiamu na kuiacha laini. Wasio nazo watamwita fundi wa mtaani aunganishe inveta kwenye bodi kimyakimya, na hapo ndipo ninapoogopa. Mita nyingi za tokeni hazijui stima inaelekea wapi. Uniti inayotoka huhesabiwa kama imetumika, kwa hiyo tokeni zinaliwa na mtu anashawishika kuichezea mita. Inveta nzuri hujizima ndani ya sekunde 2 laini inapokatika. Ile duni huendelea kusukuma stima hadi kwenye vidole vya fundi aliye juu ya nguzo akiamini waya umekufa. Huyo ana watoto wanaomngoja jioni.

EPRA, mamlaka inayosimamia kawi, inaweza kupendekeza kanuni hizi zirekebishwe mwaka huu huu: nyumba za makazi zihesabiwe uniti kwa uniti, zifungiwe mita inayosoma pande zote mbili, na ada ya laini iandikwe peke yake kwenye bili, tarakimu yake ionekane.