Mtoto Akilia Usiku, Plasta Ifunguliwe

Mtoto kaanguka kutoka mwembeni, mkono umevunjika juu kidogo ya kiwiko. Amefungwa plasta hospitalini, au mabanzi kwa mganga wa mifupa, akarudishwa nyumbani. Usiku hapati usingizi. Vidole vimevimba, vina ganzi, na mama akijaribu kukinyoosha kimoja tu, mtoto anapiga ukelele. Wakubwa wanamwambia avumilie, mfupa unaunga.

Hapana, hayo si maumivu ya mfupa kuunga.

Misuli ya kigasha, kati ya kiwiko na kifundo, imefunikwa na utando mgumu usiotanuka. Uvimbe ukizidi humo ndani huku nje kumekazwa, damu haipenyi, na saa sita hadi nane zinatosha kuua msuli. Nyama iliyokufa hugeuka kovu, kovu hujikunja, na vidole huvutwa hadi vikapinda kama makucha. Daktari Mjerumani Richard von Volkmann alilieleza jambo hili mwaka 1881, akitaja bendeji zilizokazwa mno. Miaka zaidi ya 140 imepita, na bado kuna mtoto anayebembelezwa kwa panadol hadi kuche. Mpigo wa damu kifundoni nao usimtulize mzazi, maana unaweza kuwapo huku msuli unakufa.

Dawa ya usiku huo ni kukata plasta yote pamoja na pamba yake, mpaka ngozi ionekane. Maumivu yasipotulia, daktari huupasua utando ili msuli upumue.

Aliyechelewa hatupwi. Kifundo cha mkono huo kikikunjwa, vidole hulegea na kunyooka. Kikinyooshwa, vinajikunja tena, kwa sababu msuli umekuwa mfupi. Kwa hiyo fiziotherapia huvuta kifundo na vidole kwa pamoja, polepole, na banzi huvaliwa usiku ili kilichopatikana mchana kisipotee. Ni kazi ya miezi mingi, na mzazi aangalie vikombe vya moto, kwani ngozi yenye ganzi huungua bila mtoto kujua. Wengine huhamishiwa kano kutoka upande mwingine wa mkono, wakarudi kushika kalamu na kufunga vifungo vya shati la shule, ingawa nguvu ya awali ni nadra kurudi yote.

Kwa hiyo anayefunga mkono, awe daktari au mganga wa kijijini, asimruhusu mzazi kuondoka kabla ya kumwambia: akilia hivi, mrudishe usiku huohuo.