Mama Hana Kosa

Twasikitika ya kuwa hata sasa, katika vihamba vya Wakristo, mtoto akizaliwa na ualbino mama yake husingiziwa: mara amelaaniwa, mara amezini. Na wasemao hayo huketi kanisani kila Jumapili! Wanafunzi nao walimwuliza Bwana habari za yule kipofu tangu kuzaliwa, kama ni dhambi yake au ya wazazi. Bwana akayakataa yote mawili.

Basi na tuijue asili yake. Kila mtu hupokea urithi wa rangi ya mwili mara mbili, mmoja kwa baba, mmoja kwa mama. Wenye kasoro hukaa kimya ukiwa pamoja na ulio mzima. Kwa hiyo baba mweusi na mama mweusi waweza wote wawili kuuchukua bila kujua. Hapo kila mimba ina nafasi 1 katika 4 ya kuzaa mtoto wa namna hiyo. Amfukuzaye mkewe kwa sababu hii, na ajifukuze mwenyewe kwanza.

Maneno hayo ya ovyo humwua mtoto. Maana watu wakitafuta mchawi, yeye hupelekwa tambarare kupalilia mahindi kichwa wazi, na jua humletea kansa ya ngozi. Dawa ya kuugeuza urithi huo haipo. Kinga ipo: kofia pana, shati la mikono mirefu, na mafuta ya Kilisun, yaliyoanza kutengenezwa hapa hapa Moshi, katika hospitali ya KCMC, kwa ajili ya watu hawa. Wala mawingu ya mlimani yasitudanganye, jua huyapenya. Na shuleni aketishwe karibu na ubao, maana macho yake hayaoni mbali.