Mzuka wa Gotham na Siri za Wazee

Katika vitabu vya katuni walivyoandikiwa vijana wa Marekani miaka hii ya karibuni, kimoja nakitukuza kuliko vingine, nacho ni Gotham Academy, kilichoanza kutolewa na kampuni ya DC mnamo Oktoba 2014 kwa kalamu za Becky Cloonan na Brenden Fletcher na kwa michoro ya Karl Kerschl. Hadithi yake imewekwa katika shule kongwe ya bweni, penye mnara wa kengele, njia za siri nyuma ya kuta, na jengo la upande wa kaskazini ambalo wanafunzi wamekatazwa kulikanyaga. Na kila alalaye bwenini humo hujua, au hudai kujua, kwamba mahali pale pana mzuka. Mtu mzima akisikia sifa hizo hudhani keshazijua kurasa zote kabla ya kuzifunua, kisha hukiweka kitabu pembeni na kumwambia mwanawe akasome cha maana. Naona amefanya haraka.

Wenye hadithi ni wasichana wawili. Olive Silverlock amerejea shuleni baada ya likizo akiwa mzito wa moyo na mchache wa maneno, hataki kuulizwa yaliyomfika. Na Maps Mizoguchi, mdogo wake kwa umri na kwa kimo, ni mtoto asiyetulia mpaka amechora ramani ya kila ujia, ambaye maisha kwake ni mchezo mmoja mrefu wa kutafuta hazina na kuepa mitego. Lililozidi kuwatatiza ni kwamba Maps ni dada wa Kyle, kijana ambaye Olive alikuwa na mapenzi naye na sasa hajui amwambie nini. Pamoja na wenzao wachache wanaunda chama cha upelelezi, wakipenya usiku mahali walipokatazwa, kwa kisingizio cha kumsaka mzuka wa Millie Jane Cobblepot, binti wa zamani aliyeacha kitabu chake cha kumbukumbu.

Ndani ya kuta za jengo lile wanamkuta Killer Croc, mtu mwenye ngozi ya mamba, mtoro wa hospitali ya wendawazimu ya Arkham. Wasomaji wa Batman wamemzoea akiwa jitu la kupigwa ngumi na kurudishwa kifungoni. Lakini humu huyo mtoro ana neno la kusema: alimjua mama yake Olive huko Arkham, na amekuja kwa ajili ya binti yake. Mama huyo, Sybil Silverlock, ndiye aliyewahi kuutia mji moto kwa jina la Calamity, akapambana na Batman, akafungiwa. Ndiyo maana Olive akiona popo hushtuka, na akiuona ule mwanga wa popo juu ya mawingu, ambao kwa raia wengine ni alama ya amani, yeye huuona kama alama ya mtu aliyemnyang'anya mama. Na karo ya shule yake inalipwa na tajiri Bruce Wayne, ambaye msomaji anajua tangu mwanzo kwamba ndiye Batman mwenyewe, ilhali hakuna mtu mzima aliyeona wajibu wa kumwambia mtoto.

Hapo ndipo ninapoona ustadi wa waandishi hawa. Wamemchukua shujaa aliyezaliwa mwaka 1939, aliyesifiwa na wakubwa kwa miongo kadhaa, wakamtazama kwa macho ya binti wa miaka kumi na kitu, na kwa macho hayo shujaa ndiye mzuka. Walimu wanajua, mwalimu mkuu anajua, mfadhili anajua. Kila mmoja amenyamaza kwa nia njema, na katika ukimya wao ndimo zinamozaliwa sauti za usiku. Maps na wenzake wanaposaka siri za jengo, aghalabu huangukia siri za wazee.

Zamani kitabu cha namna hii kisingalipita. Mwaka 1954 daktari wa maradhi ya akili, Fredric Wertham, alitoa kitabu kilichowatuhumu wachapaji wa katuni kwamba wanawaharibu watoto, Baraza la Seneti likafanya vikao juu ya jambo hilo, na wachapaji kwa hofu wakajitungia sheria zao wenyewe. Sheria hizo zilikataza wafu watembeao na watu wageukao mbwa mwitu, na hilo mtu anaweza kulielewa. Lakini zilikataza pia polisi, mahakimu, watumishi wa serikali na taasisi zenye heshima wasionyeshwe kwa namna ya kuwavunjia hadhi. Sharti hilo la pili ndilo lililokuwa kali zaidi, nalo halikuwa na uhusiano wowote na majinamizi ya watoto. DC ilijitoa katika utaratibu huo mwaka 2011, na miaka mitatu baadaye ikatoa kitabu ambamo taasisi yenye heshima ndiyo inayotiliwa shaka tangu ukurasa wa kwanza.

Msomaji wa Kiswahili asione jambo hili geni. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, katika Mzimu wa Watu wa Kale kilichochapishwa mwaka 1960, aliiweka maiti mahali pa mzimu, pale ambapo kila mtu angeridhika kusema wahenga wamekasirika, kisha akamleta mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake aulize ni nani aliyefaidika. Na katika shule zetu za bweni, za bara na za pwani, habari za mashetani yaliyowapanda wasichana husikika kila baada ya muda. Huitwa mashehe, huitwa wachungaji, dua husomwa, watoto hurudishwa darasani, na lile swali la kilichokuwa kikiwasumbua hufungwa pamoja na mlango wa bweni. Simpuuzi anayeomba dua. Nashangaa tu kwamba aulizaye baada ya dua huhesabiwa mkosefu wa adabu.

Kwa sababu hiyo mfululizo wa pili, ulioanza mwaka 2016 kwa jina la Muhula wa Pili, ulinisikitisha. Wa kwanza ulikwenda matoleo 18, na ijapokuwa baadhi ya hayo ya mwishoni yalipotea katika hadithi fupi zilizopambwa kama kitabu cha kumbukumbu za shule, uzi wa Olive na mama yake haukukatika. Katika ule wa pili, masumbuko ya Olive yanapewa asili nyingine: roho ya mhenga wake, Amity Arkham, imemvaa. Tangu hapo hakuna wa kuulizwa. Laana haina sahihi iliyotiwa mahali, haina mwalimu aliyeficha faili, haina tajiri aliyelipa karo ili dhamiri yake ilale. Na mambo yote ambayo wazee walipaswa kuyajibu yanatupiwa mtu aliyekufa zamani.

Kinachouokoa ni Maps, ambaye katika matoleo yote 12 ya muhula huo habadiliki: yu na ramani, yu na maswali, na hakubali kwamba rafiki yake amekwisha potea. Siyo ajabu kwamba Kerschl aliporudi tena katika ulimwengu ule miaka michache baadaye, aliyemfanya mwenye hadithi alikuwa yeye.