Ukiacha chapati, usimwache daktari

Iwapo una kisukari au shinikizo la damu, bila shaka unayo kadi ya kliniki. Siku yako ikifika unakwenda, unapimwa, unapewa dawa na kuandikiwa tarehe nyingine. Hata ukipotea, vidonge vikiisha vitakurudisha. Lakini kuna ugonjwa mmoja wa maisha ambao hauna kidonge, na kwa sababu hiyo hauna kliniki, hauna kadi wala tarehe. Huo ni ugonjwa wa siliaki.

Huenda hujapata kuusikia. Mtu mwenye siliaki akila gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, kinga ya mwili wake hugeuka na kuushambulia utumbo wake mwembamba. Vile vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula hunywea, na mtu hubaki akila akashiba ilhali mwili wake una njaa. Wengine huendesha, wengine hufura tumbo, na wako wasio na dalili yoyote ya tumbo ila upungufu wa damu usiosikia dawa ya kuongeza chuma. Tiba ni moja tu: kuacha vyakula hivyo maisha yote.

Baadhi ya wenzangu husema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Sikubaliani nao. Kaskazini mwa India, ambako ngano huliwa kila siku, si nadra hata kidogo. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka wa 1999 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Saharawi, jamii ya Sahara Magharibi hapa hapa Afrika, zaidi ya 5 walikuwa nao. Duniani kwa jumla hukisiwa kuwa mtu 1 katika kila 100.

Lakini leo sitaki kuzungumzia jinsi ya kuugundua. Nataka kuzungumzia yanayofuata, kwa sababu hapo ndipo mimi mwenyewe nilipokosea.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia mama mmoja, mwalimu, ambaye alikuwa ametibiwa amiba na taifodi mara zisizohesabika. Damu ilikuwa chini kila alipopimwa. Tulimpima kingamwili za siliaki, akateremshiwa mpira wenye kamera tumboni, kipande kidogo cha utumbo kikachunguzwa, na jibu likawa wazi. Nikamwambia: "Mama, acha ngano. Mkate, mandazi, chapati na tambi, vyote basi." Akaacha. Baada ya miezi 2 kuhara kulikoma, akanenepa, akanishukuru. Tukaagana. Sikumpa tarehe ya kurudi.

Alirudi baada ya miaka 7 mkono ukiwa umefungwa plasta. Alikuwa ameteleza bafuni, akajishika kwa kiganja, kifundo kikavunjika. Mtu wa miaka 46 hapaswi kuvunjika kwa kuanguka hivyo. Eksrei maalumu ya kupima uzito wa mifupa ilionyesha kwamba mifupa yake ilikuwa myepesi kama ya nyanya yake. Kingamwili za siliaki zilikuwa bado juu. Na mama huyu hakuwa amegusa chapati hata siku moja!

Gluteni ilitoka wapi? Tulikaa naye karibu saa nzima tukihesabu kila kinachoingia kinywani mwake. Asubuhi alikunywa uji wa wimbi na mtama, vyakula salama kabisa, lakini aliusaga katika mashine ile ile inayosaga ngano ya majirani. Nyama aliitia mchuzi wa soya wa chupa, ambao aghalabu hutengenezwa kwa ngano. Kila Jumapili alipokea hostia. Ukiyaona hayo kuwa madogo, kumbuka kwamba kipande kimoja cha mkate kina takribani gramu 2 za gluteni, na imeonekana kwamba miligramu 50 tu kila siku, yaani makombo ya kipande hicho, zatosha kuuumiza utumbo wa mgonjwa. Wala hatajua, kwa kuwa kiasi hicho si lazima kimwendeshe.

Kuhusu hostia, wengi huona haya kuuliza. Barua ya Vatican ya mwaka wa 2003 inawaruhusu waumini wa aina hii kupokea hostia yenye gluteni kidogo mno, au divai peke yake. Zungumza na padri wako.

Basi kama ulipatikana na siliaki, unastahili kuonwa nini? Katika mwaka wa kwanza, rudi baada ya miezi 6 na tena baada ya miezi 12, halafu kila mwaka, hata ukijisikia mzima kama kigongo. Kingamwili zipimwe kuona kama zinashuka. Wingi wa damu, akiba ya chuma, foliki, vitamini B12 na vitamini D viangaliwe, pamoja na ini na tezi ya shingo, kwa sababu kinga iliyokosea njia utumboni huweza kukosea hata huko. Mifupa ipimwe, hasa kwa akina mama waliokaribia kukoma hedhi. Uliza pia kuhusu chanjo ya nimokokasi, kwani kwa baadhi ya wagonjwa hawa wengu hudhoofika na nimonia huwaweza upesi.

Hata hivyo, damu safi haithibitishi kwamba utumbo umepona. Kwa mtu mzima kupona huko huweza kuchukua miaka 2 au zaidi. Anayeendelea kukonda au kuhara ilhali ameacha ngano kweli kweli asiambiwe ni wasiwasi; achunguzwe tena kwa kamera, kwa sababu wachache mno hupata aina sugu ya ugonjwa huu, hata saratani ya utumbo.

Kwa bahati, chakula chetu cha kila siku kinamfaa mgonjwa wa siliaki kuliko cha Ulaya: ugali, githeri, wali, viazi, ndizi na muhogo. Shida iko arusini na matangani, ambako kukataa chapati huonekana kama maringo. Na biskuti za bei ghali za madukani zilizoandikwa kuwa hazina gluteni sizipendekezi sana. Nyingi ni sukari na mafuta, na nimewaona wagonjwa waliokuja wamekonda wakageuka wanene wenye mafuta mengi katika damu.

Hospitali zetu zingeweza kuwaingiza wagonjwa hawa katika kliniki zilizopo za kisukari, wapate kadi kama wengine. Hadi hapo, itabidi umwombe daktari wako tarehe.

Jambo jingine: ndugu, wazazi na watoto wako wapimwe damu pia, maana takriban mmoja katika kila 10 huwa nao. Wasiache ngano kabla ya kupimwa, la sivyo kipimo kitadanganya. Binti ya yule mwalimu alipimwa mwezi mmoja baada ya mamake kuvunjika. Hakuwa na kuhara wala maumivu, ila uchovu aliodhani ni wa masomo. Alikuwa nao. Yeye nilimwandikia tarehe siku hiyo hiyo.