Usifumue Sweta Kila Jioni



Jumapili moja baada ya ibada alinijia mama wa kikundi chetu, uso umemshuka. "Sista, simu yangu imeniangusha," alisema. Mwanawe alikuwa akitumia dawa ya kila baada ya saa nane, naye mama akaweka katika simu programu ya kumkumbusha. Siku mbili ililia vizuri. Usiku wa tatu ikanyamaza, dozi ikapita.

Nilipomwuliza zaidi, alikumbuka kwamba jioni ile, alipoona chaji inapungua, alibonyeza "Funga zote". Hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Katika baadhi ya simu, programu ikifungwa hivyo haikumbushi tena mpaka uifungue mwenyewe.

Wengi wetu tunadhani kila programu tuliyoiacha inaendelea kula chaji. Sivyo. Ukitoka katika programu, kwa kawaida simu huilaza palepale ulipoishia. Ni kama sweta unalofuma: unaweka sindano na uzi kando, kesho unaendelea. Kufunga programu ni kulifumua sweta lote, na kesho simu hulazimika kuanza upya, nayo kazi hiyo hula chaji. Mwaka 2016 mteja aliuliza kampuni ya Apple kuhusu kufunga programu mara kwa mara, na kama kufanya hivyo ni lazima kwa ajili ya betri; aliyejibu ni Craig Federighi, mkuu wa programu katika kampuni hiyo. Alijibu hapana kwa yote mawili.

Basi dada, fanya hivi. Ukitaka kuhama kutoka programu moja hadi nyingine, telezesha kidole kutoka chini ya kioo kwenda juu, kisha usite katikati. Kama simu yako ina kitufe cha mraba chini, kibonyeze hicho. Programu zitajipanga kama kadi, gusa unayoitaka. Iliyokwama peke yake ndiyo ya kufungwa: isukume kadi yake juu mpaka itoweke. Katika simu chache kadi husukumwa pembeni.

Zipo programu zinazofanya kazi hata ukiziacha, kama vile muziki na ramani inayokuongoza njia. Hizo zisimamishe ukimaliza. Ya benki, toka kabisa kwa kufuata maelezo yake, hasa kama watoto huchezea simu. Na kama chaji inakwisha upesi, punguza mwanga wa kioo, kisha uangalie kwenye mipangilio, sehemu ya betri, ni programu gani inayotumia chaji nyingi.

Kwa saa za dawa, tumia kengele ya saa iliyokuja na simu, na uandike ratiba kwenye karatasi ukutani. Dozi ikipita, kwa dawa nyingi mpe mtoto mara ukumbukapo; lakini kama saa ya dozi inayofuata imekaribia, subiri hiyo. Usimpe mbili kwa pamoja. Ukiwa na shaka, uliza zahanati.

Mtoto yule alimaliza dawa yake na kupona, tunamshukuru Mungu. Martha alihangaika kwa mengi, nasi tunamfahamu vizuri kwa sababu tunafanana naye. Kazi za nyumbani zatutosha, mama. Tusijiongezee nyingine ndani ya simu.

Mungu azibariki nyumba zenu.